Gari Lisilokuwa Gereji

"Mzigo wa fundi mizani! Fundi mizani yuko wapi? Jamani, mimi sina siku nzima!"

Karani wa vifurushi alikuwa ametoa nusu ya mwili nje ya kidirisha, anapunga kifurushi juu ya vichwa vya watu. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi na stesheni kuu ilikuwa imefurika. Masanduku yanaburutwa, wanafunzi wanakanyagana, kipaza sauti kinabwata maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa. Mikono miwili ikanyooka kwa pamoja.

"Changu hicho," alisema mwanamume.

"Changu mimi," alisema mwanamke. "Kaka, soma vizuri. Pameandikwa fundi miwani."

"Pameandikwa mizani, dada yangu. Na mimi ndiye fundi mizani."

Karani alikisogeza kifurushi mpaka kikamgusa pua. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyeandika huku anakimbia. "Hapa naona mi, halafu ani. Hiyo ya katikati gombaneni wenyewe. Viko viwili, saizi moja. Kila mtu abebe kimoja mniachie dirisha langu!"

Wakabeba, na kila mmoja akabeba cha mwenzake. Mtu ambaye kazi yake ni kupima uzito, anayepita duka hadi duka akikagua mizani na kupiga muhuri zilizo sawa, hakuhisi kwamba kifurushi kilikuwa chepesi mno. Angehisije? Macho yake yalikuwa kwenye gauni la kijani, raba nyeupe, na ile miwani ya fremu nyekundu iliyokuwa imeteleza mpaka ncha ya pua ya yule dada. Akaenda kazini anatabasamu kama mjinga.

Saa nne simu yake ikalia.

"Hallo. Wewe ndiye uliyeniibia macho?"

"Macho yapi tena?"

"Nina wagonjwa sita hapa dukani wanangoja vioo vyao. Nafungua kifurushi, nakuta namba yako na vijiwe vya shaba vidogo kama punje za mtama. Niwavalishe hivi?"

Akafungua cha kwake. Vioo vya miwani, vimepangwa kwenye karatasi laini. "Yarabi! Hivyo ni vya kupimia dhahabu. Usivishike kwa vidole, mafuta ya mkono yanaviongezea uzito."

"Nimeshavishika vyote. Njoo uvikamate kabla sijaviongezea mwili."

Alicheka mpaka sonara aliyekuwa anamkagulia mizani akamwuliza kama ameokota kitu. Jioni walibadilishana vifurushi kwenye treni ya kurudi. Wakagundua kumbe wanatoka mji mmoja, kilomita tisini kutoka jijini, na kumbe dada yule amepanda treni hiyo kwenda na kurudi kwa miaka minane.

"Sijawahi kukuona," alisema fundi miwani.

"Nina gari. Liko gereji, pampu ya maji imekufa. Hii ni siku yangu ya tatu humu."

Na huo, msomaji, ulikuwa ukweli mtupu. Siku ya nne tangu wajuane, mchana, fundi wa magari alipiga simu: "Mkuu, gari limepona. Njoo ulichukue." Akalichukua. Akalipeleka nyumbani, akaliegesha uani, akalifunika turubai, na alfajiri akafunga kamba za viatu na kutembea dakika kumi mpaka stesheni.

"Bado liko gereji?" dada aliuliza, akisogeza mkoba ili ampishe akae.

"Bado," akajibu.

Neno dogo tu. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Huyu alificha uzima, na hakuna mhenga aliyemwonya.

Lakini kwa nini asiseme tu? Aliona haya. Mtu mzima, miaka thelathini na minne, aache gari linalomfikisha kwa saa moja na dakika kumi, akapande treni inayokula saa moja na nusu njiani, asimame mpaka magoti yamlegee, kwa sababu ya mwanamke aliyemfahamu juzi? Angeonekana kituko. Alijiambia atasema wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa na wiki yake ijayo.

Miezi mitano ikapita. Gari uani likawa na magonjwa yote. Baada ya pampu likaugua giaboksi. Baada ya giaboksi spea ikawa inatoka ng'ambo kwa meli. Dada akawa anamjulia hali kama ndugu aliyelazwa.

"Mgonjwa wetu ameamkaje?"

"Hajambo kidogo. Ameanza kukohoa."

"Huyo fundi wako nikimkuta nitampima macho, maana haoni anachokifanya."

Behewa la tatu likawa nyumba yao. Dada alikuwa na mambo yake: anashona kifungo treni ikienda, anakula ndizi na kukunja ganda kwenye leso, analala kinywa wazi begani kwa mwenzake bila haya. Siku moja, wamebanwa mlangoni na mwavuli wa mtu ukiwachoma mbavuni, alimwuliza:

"Gari likipona utaniacha humu?"

"Tupime kwanza. Gari: unatoka unapotaka, unakaa, hakuna mwavuli wa mtu."

"Na foleni? Na mafuta? Na kutafuta pa kuegesha mpaka utukane? Treni: nalala, nasoma, nashona, na nikikuchoka nafumba macho. Ndani ya gari ukinichoka utanitupa wapi?"

"Mimi nikuchoke?"

"Ndivyo mnavyosema wote mpaka mfike foleni. Halafu hata treni ni gari, laazizi. Gari la moshi. Kwa hiyo una gari, acha kulalamika."

Baba yake dada huyu ndiye aliyemfanya ayachukie magari. Mzee alikuwa mwalimu wa udereva kwa miaka ishirini na saba, na nusu ya mji ilijifunza kuendesha kwa kelele zake. Binti naye alikaa kwenye usukani wake siku tatu, akafokewa, akalia, akashuka katikati ya barabara. Hakushika usukani tena. Lakini baba huyo huyo, aliyeishi naye nyumba moja, alimpenda kufa, na kila jioni alimpigia simu treni ikiwa njiani, kujua amefika wapi.

Kitu kingine ambacho dada alimsimulia fundi mizani ni habari ya mchumba wake wa zamani. "Aliniaga anakwenda semina. Mimi na shoga yangu tukaalikwa harusi. Nani bwana harusi? Mwanasemina! Tangu hapo mwongo simtaki, hata aniongopee kuhusu mvua."

Fundi mizani alicheka pamoja naye, lakini usiku huo usingizi ulimpaa.

Ikaja ile Jumanne.

Mzee alikuwa amelazwa jijini na uvimbe kooni. Madaktari walikwisha sema: wataondoa kila kitu kinachotoa sauti, atapona, ila hatasema tena maisha yake yote. Upasuaji ulikuwa Ijumaa. Binti alikuwa ameomba ruhusa ya Jumatano na Alhamisi, siku mbili za kukaa na baba yake, amsikilize, amrekodi kwenye simu kila neno. Mzee hakuwa mtu wa kutuma sauti, yeye alikuwa wa kupiga tu, kwa hiyo hapakuwa na hata sekunde moja ya sauti yake iliyohifadhiwa popote.

Saa kumi na moja na dakika thelathini na tano alfajiri, wamesimama stesheni ya mji wao, simu ya dada ikalia. Alikuwa shangazi yake, aliyelala hospitali akimwuguza kaka yake.

"Wamebadilisha! Daktari anasafiri. Wanamwingiza leo, saa moja na nusu. Fanya haraka mwanangu, anakuulizia. Na simu yangu chaji ina..."

Ikakatika. Alipiga tena, na tena. Haipatikani. Simu ya mzee mwenyewe ilikuwa imebaki nyumbani kabatini.

"Treni inafika saa moja na robo," alisema huku anahesabu kwa vidole. "Nachukua pikipiki, dakika kumi. Nitamkuta. Nitamkuta, si ndiyo?"

"Utamkuta, mpenzi."

Kipaza sauti kikakohoa. Treni ya saa kumi na mbili kasoro robo imechelewa. Muda utatangazwa.

Dada alimgeukia. Uso wake wote ulikuwa umekauka. "Lau gari lako lingekuwa zima."

Hapo ndipo. Gari lilikuwa umbali wa dakika kumi kwa mguu, dakika tano kwa mbio. Tangi nusu. Barabara alfajiri hiyo ilikuwa tupu. Angeweza kusema: nisubiri hapa, nakuja. Alifungua kinywa kabisa. Akamwona mwanasemina. Akaona miezi mitano ya giaboksi na meli ikimwagika mbele ya macho yale nyuma ya fremu nyekundu, akapima aibu yake na dakika za mwenzake, akaiona aibu nzito zaidi. Mtu anayefungia maduka kwa sababu ya mizani iliyochezewa!

"Treni itafika sasa hivi," akasema.

"Nitafute teksi?"

"Asubuhi hii? Mpaka uipate, treni itakuwa imeshaondoka. Tulia."

Akatulia, kwa kuwa alimwamini.

Treni ilifika saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Walipopanda ngazi za hospitali ilikuwa saa mbili na dakika tano. Shangazi alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, ameshika mapajani saa ya mkononi na kofia ya kaka yake.

"Alikuita mpaka mlango ukafungwa," alisema shangazi. "Nikamwambia yuko njiani. Akasema, treni tu hiyo, atafika."

Dada hakulia kwa sauti. Aliichukua ile kofia akaificha uso wake ndani yake. Fundi mizani alisimama nyuma yake na mikono miwili isiyojua pa kwenda, na mfukoni funguo za gari zikimgusa paja. Alizibeba kila siku kwa mazoea.

Mzee alipona kama walivyoahidi. Alirudi nyumbani na tundu dogo shingoni na daftari mfukoni, na ukimwuliza jambo anaandika. Nyumba ile iliyozoea kelele ikawa kimya mpaka unasikia friji.

Wiki tatu baadaye, kwenye treni ya jioni, dada aliegemea dirisha akavua miwani yake.

"Nimeshaanza kuisahau," alisema. "Nikifumba macho nasikia sauti ya kila mtu. Ya kwako, ya shangazi, hata ya karani wa vifurushi. Ya kwake siisikii. Wewe unaikumbuka?"

"Naikumbuka kidogo."

"Nakushukuru, ujue. Siku ile ningekuwa peke yangu ningerukwa na akili. Ulinishika mkono muda wote." Akamshika mkono, akaubusu.

Angemtukana ingekuwa nafuu. Lile busu lilimwunguza. Alikuwa hali vizuri, halali vizuri, amepoteza vijiwe viwili vya shaba kazini. Sasa akaona hawezi kuongeza hata stesheni moja.

"Gari langu ni zima," alisema.

"Limetoka gereji? Lini?"

"Siku ya nne tangu tujuane."

Dada alitabasamu kwanza, akidhani ni utani wao. Halafu tabasamu likaondoka polepole. "Siku ile. Jumanne ile."

"Lilikuwa uani kwangu, chini ya turubai."

"Nilikuuliza teksi."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia nitulie."

Dada alivaa miwani yake, akamtazama kama anayesoma herufi ndogo kabisa za mwisho kwenye ubao wa kupimia macho.

"Shuka."

"Bado stesheni mbili tufike kwetu..."

"Nimesema shuka. Nisikuone."

Treni iliposimama alishuka kwenye mji asioujua, mvua inanyesha, na abiria wote wa behewa la tatu wakimwangalia kupitia vioo.

Kuanzia hapo dada akawa anapanda treni ya kwanza kabisa, ile ya saa kumi na moja. Simu hakupokea. Ujumbe ulisomwa, haukujibiwa. Fundi mizani akawa anakwenda kazini kwa gari, maana hakuwa tena na sababu ya treni. Alifika mapema, alikaa, hakuna mwavuli wa mtu. Aliichukia kila kilomita.

Msamaha hakuthubutu kuuwaza. Aliwaza sauti. Mtu aliyefoka miaka ishirini na saba, haiwezekani sauti yake isiwe imenaswa mahali. Kwa hiyo kila duka aliloingia kukagua mizani, akishamaliza kupiga muhuri aliuliza: "Samahani, wewe nani alikufundisha kuendesha gari?"

Watu walimwona amechanganyikiwa. Muuza mchele akamjibu, "Kwani nimemgonga nani?" Wengi walimkumbuka mzee. Mmoja alimwigiza vizuri sana. Lakini kurekodi? Nani arekodi kufokewa?

Ilichukua wiki saba. Katika bucha moja ya mji wao wenyewe, mwenye duka, mama mnene mcheshi, aliacha kufuta kisu chake.

"Yule mzee wa kliachi? Nilishindwa mtihani mara tatu kwa ajili ya woga! Mara ya nne nikaficha simu kwenye sidiria, nikamrekodi, ili nikajisikilizie nyumbani. Nimeitunza mpaka leo. Nikikata tamaa naisikiliza nacheka."

Fundi mizani aliegemea friji ya nyama. "Mama, nakuomba. Nakupigia magoti."

"Usipige magoti hapo, pana damu. Lete simu yako."

Jumapili mchana alibisha kwa mzee. Aliyefungua mlango ni binti, amefunga kanga kiunoni, mikono ina sabuni.

"Nilikuambia nisikuone."

"Sikuja kwa ajili yangu. Nipe dakika kumi na moja, kisha nitaondoka."

Mzee, aliyekuwa kwenye kiti chake nyuma, aligonga meza mara mbili kwa kalamu. Mwache aingie. Fundi mizani aliweka simu mezani na kubonyeza.

"Kliachi! Kliachi, mama, kliachi! Hiyo ni breki, unataka tuote mizizi hapa? Tazama kioo. Kioo si cha kujipamba, cha kutazamia nyuma!"

Sabuni ikadondoka sakafuni. Dada alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Alikuwa ni yeye, kamili, na kikohozi chake, na ile namna ya kuvuta pumzi kabla ya kufoka. Gari likazimika, likawashwa, likazimika. Mzee akafoka, akacheka, akafoka tena. Kisha katika dakika ya tisa akashusha sauti.

"Pumzika kidogo. Usilie. Binti yangu nilimfundisha barabara hii hii, nikamfokea mpaka akashuka. Sasa anaamka usiku wa manane kuwahi treni, miaka yote hii. Kila nikimsikia anafungua mlango gizani najilaumu. Nilikosea. Sijawahi kumwambia, mdomo huu unajua kufoka tu. Haya, washa gari. Polepole, mama."

Binti alikaa chini pale pale, kwenye maji ya sabuni, akalia kwa sauti aliyoizuia tangu siku ya korido. Mzee aliinuka, akamwinamia, akamwekea mkono kichwani. Kisha akachukua daftari lake, akaandika, akawaonyesha wote wawili: *Huyu mtu ana kelele sana.*

Dada akacheka huku analia. Fundi mizani aliona hapo si mahali pake. Aliiacha simu mezani ikiwa na sauti ile, akatoka. Alikuwa ameshafika getini aliposikia raba zinamfuata.

"Umesahau simu." Akamtumbukizia mkononi. "Nimeshajitumia."

"Vizuri."

"Usidhani hii imelipa."

"Sidhani. Siku ile alikuita wewe. Hii alikuwa anamwambia mama wa bucha."

Dada alifuta miwani yake kwa pindo la kanga, akaifuta tena ingawa ilikuwa safi. "Unajua kinachoniua? Si Jumanne tu. Ni ile siku ya nne. Ungeniambia: gari limepona, lakini nimeliacha nyumbani nije kubanwa na wewe kwenye treni. Unajua ningefanya nini?"

Akatikisa kichwa.

"Ningekubali kuolewa na wewe kabla hatujafika stesheni kuu, mpumbavu wewe. Ulikuwa na jambo zuri kuliko yote aliyowahi kunifanyia mwanamume, ukalifunika turubai."

Hili hakuwa amelipima. Alisimama getini machozi yakimtiririka na hakuinua mkono kuyafuta.

"Na sasa?" aliuliza.

"Sasa nina hasira. Usinipigie. Nikitaka nitapiga."

Akangoja siku kumi na tisa. Alikagua mizani, alipika, aliosha gari, aliamka usiku kuangalia kama simu ina chaji. Hakumwona na hakumlaumu. Mara nyingi alijiambia dada hatapiga, na kwamba ni haki yake.

Siku ya ishirini, Jumamosi, saa tatu asubuhi, simu ikalia.

"Hallo."

"Ni mimi."

"Najua."

"Bado nina hasira."

"Haki yako."

"Usinikatize. Jana usiku nimemwekea baba ile sauti, tukacheka, nikageuka nikuambie wewe kitu, nikakuta hupo. Nimechoka kukasirika peke yangu. Njoo nikukasirikie hapa hapa, uso kwa uso."

Alikuwa ameshasimama, shati mkono mmoja. "Hapa ni wapi? Uko kwa mzee?"

"Niko jijini, dukani. Nina zamu mpaka jioni."

"Nije kwa treni au kwa gari?"

Akamsikia anavuta pumzi, kama baba yake kabla ya kufoka.

"Njoo na kile kitakachokufikisha mapema," alisema. "Mara hii usinichelewee."